Mpira wa mkojo usioingia mwilini: Anayefaa kuuvaa na asiyefaa

MGONJWA wa kiharusi asiyeweza kushuka kitandani bila kusaidiwa, mwendeshaji bodaboda aliyeumia uti wa mgongo ajalini na ajuza ambaye magoti hayamruhusu kufika chooni kwa wakati, wote wana shida moja ambayo ni nadra kuitaja mbele ya watu. Haja ndogo huwatoka kabla hawajajiandaa, au bila wao kuhisi.

Mjini Kisumu na katika kaunti za Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zinazopakana na Ziwa Victoria, familia zenye wagonjwa wa aina hii kwa kawaida hujikuta na njia mbili. Ya kwanza ni nepi za watu wazima, au vipande vya leso na matambara kwa wasiomudu bei ya nepi. Ya pili ni mpira unaopitishwa ndani ya njia ya mkojo hadi kibofuni.

Ipo njia ya tatu isiyojulikana sana, nayo ni mpira wa nje, ambao wahudumu wa afya huuita katheta ya nje. Kifaa hiki hakiingizwi popote mwilini. Huvishwa juu ya uume, au huwekwa kwenye sehemu za siri za mwanamke, kisha mkojo hupita katika mrija hadi kwenye mfuko au chupa.

Kwa mtu anayefaa kukitumia, kifaa hiki humpunguzia maumivu, harufu na hatari ya maambukizi. Kwa asiyefaa, kinaweza kuuficha ugonjwa ambao unaendelea kuziharibu figo zake polepole.

Tofauti kati ya wawili hao inategemea jambo moja. Mpira wa nje hupokea mkojo unaotoka wenyewe. Hauna uwezo wa kuutoa mkojo uliokwama kibofuni.

Hatari ya mpira wa ndani

Mpira wa ndani unaotumika zaidi duniani huitwa Foley, kwa jina la daktari Mmarekani Frederic Foley, aliyeubuni katika miaka ya 1930. Karibu na ncha yake pana kiputo kidogo ambacho hujazwa maji ukishafika kibofuni, ili usichomoke.

Uvumbuzi huo umeokoa maisha ya watu wengi na hadi leo hauna mbadala katika hali kadhaa. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji mkubwa, mahututi ambaye mkojo wake hupimwa kila saa na mzee aliyefungwa mkojo ghafla, wote huuhitaji.

Hata hivyo, mpira huo pia huwa daraja la viini vya maradhi. Kila siku unapokaa mwilini, uwezekano wa bakteria kuingia katika mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kibofuni.

Si kila mwenye bakteria huugua. Lakini wapo wanaoshikwa na homa, wanaoambukizwa figo na wale ambao viini hupenya hadi kwenye damu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba takriban asilimia 75 ya maambukizi ya njia ya mkojo yanayopatikana hospitalini huhusiana na mpira wa ndani.

Kutokana na hali hiyo, mwongozo uliotolewa na CDC mwaka wa 2009 uliwashauri wahudumu wa afya wasimwekee mtu mpira wa ndani kwa sababu tu anajikojolea. Mwongozo huo ulisema mpira wa nje ufikiriwe kwa wanaume wanaoweza kushirikiana na muuguzi, mradi mkojo wao haujaziba.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka wa 2006, matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dkt Sanjay Saint nchini Marekani yalichapishwa. Wanaume 75 waliolazwa hospitalini waligawanywa kwa kura, baadhi wakawekewa mpira wa ndani na wengine wakavishwa wa nje.

Waliovishwa wa nje walikumbwa na matatizo machache zaidi, yakijumlishwa maambukizi na vifo, hasa wale ambao akili zao hazikuwa zimepotewa na kumbukumbu. Pia walisema mpira huo haukuwaumiza sana na ulikuwa na starehe kuliko ule wa ndani.

Safari ya kubadilisha mpira

Kwa wakazi wa ufuoni kuna sababu nyingine ya kuutafakari mpira wa nje, nayo ni umbali.

Mpira wa ndani sharti uwekwe na kubadilishwa na mhudumu aliyefunzwa. Ule wa kawaida hubadilishwa baada ya wiki chache, na ule wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12. Ukiziba au kuchomoka kabla ya siku hiyo, mgonjwa hulazimika kusafiri.

Kwa mkazi wa kisiwa cha Mfangano, safari ya kwenda hospitali kuu ya Kaunti ya Homa Bay huanza kwa boti hadi Mbita, kisha hufuata barabara. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi huelekezwa Kisumu, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wakazi wengi bado huiita 'Russia', kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti katika miaka ya 1960.

Nao walioumia uti wa mgongo, baadhi yao hupelekwa hadi Nairobi katika hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, kisha hurudi nyumbani kuishi na ulemavu wao vijijini.

Mpira wa nje unaweza kubadilishwa nyumbani na mgonjwa mwenyewe au na jamaa aliyeelekezwa vyema. Hilo halimaanishi kwamba hospitali haihitajiki. Uamuzi wa kwanza, yaani kama mgonjwa anafaa kuuvaa, ni wa mhudumu wa afya.

Mpira wa wanaume

Mpira wa nje wa wanaume una umbo la kondomu, ila ncha yake ni ngumu kidogo na ina tundu linalounganishwa na mrija. Mrija huo huelekea kwenye mfuko unaofungwa pajani au kwenye ndama ya mguu wakati wa mchana. Usiku hutumika mfuko mkubwa wa takriban lita 2 unaoning'inizwa kando ya kitanda.

Ipo mipira ya latex na ya silikoni. Latex ni rahisi kwa bei, lakini baadhi ya watu miili yao huikataa, wakiwemo wengi wa wale waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Silikoni huwafaa wao, tena huonyesha ngozi kwa urahisi kwa kuwa inapenya mwanga.

Jambo muhimu zaidi ni kipimo. Mipira hii hutengenezwa kwa upana tofauti, kwa kawaida kati ya milimita 25 na 41, na watengenezaji wengi hutoa karatasi ya kupimia. Unaobana huzuia damu kupita na kujeruhi ngozi, nao uliolegea huvuja na kuchomoka.

Hatua za kuuvaa ni hizi:

1. Anayemhudumia mgonjwa hunawa mikono na kuvaa glovu. Uume huoshwa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha hukaushwa kabisa. Mafuta na poda havipakwi, kwa kuwa huufanya mpira usishike.

2. Nywele za kinena hupunguzwa kwa makasi ili zisinaswe. Hazinyolewi kwa wembe, maana mikwaruzo hukaribisha viini.

3. Mpira hukunjuliwa taratibu kutoka kwenye kichwa cha uume kuelekea kwenye shina. Nafasi ya sentimita 2 hivi huachwa kati ya kichwa na tundu la mrija, ili ngozi isisuguliwe na mkojo usirudi nyuma.

4. Mpira wenye gundi hushikwa kwa kiganja kwa sekunde 10 hadi 15 ili ushike. Kisha mrija huunganishwa na mfuko, ukichungwa usipinde wala kujisokota.

5. Baada ya nusu saa, uume huangaliwa. Ukiwa umevimba, umebadilika rangi au umekuwa baridi, mpira huvuliwa mara moja.

Mpira hubadilishwa kila baada ya saa 24, isipokuwa mtengenezaji awe ameelekeza vingine. Hauvutwi kwa nguvu. Hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na kukunjwa polepole. Kabla ya kuvaa mwingine, ngozi hukaguliwa na kuachwa ipate hewa kwa muda.

Mfuko hukaa chini ya usawa wa kibofu, lakini hauwekwi sakafuni. Humwagwa kabla haujajaa, maana uzito wa mkojo huuvuta mpira na kuung'oa.

Wasiotahiriwa

Lipo jambo ambalo maelekezo mengi kutoka ng'ambo hulipitia juujuu, ilhali ni zito katika eneo hili.

Jamii ya Waluo, iliyo kubwa zaidi ufuoni, kwa desturi haikuwa ikitahiri wavulana. Mambo yalianza kubadilika baada ya utafiti uliofanyiwa wanaume 2,784 mjini Kisumu. Utafiti huo ulisitishwa mapema, Desemba 2006, baada ya kubainika kwamba tohara ilikuwa ikipunguza sana maambukizi ya HIV. Mwaka wa 2008, serikali ilianzisha mpango wa tohara ya hiari katika eneo la Nyanza.

Vijana wengi wametahiriwa tangu wakati huo. Lakini wanaohitaji zaidi mpira wa mkojo ni wazee, na miongoni mwao wengi wana govi.

Kwa mzee wa aina hiyo, govi hurudishwa nyuma kwa upole wakati wa kuosha, uume hukaushwa, kisha ni lazima govi lirejeshwe mahali pake kabla ya mpira kuvishwa. Likiachwa nyuma, huvimba na kukaza mithili ya pete, likazuia damu kufika kwenye kichwa cha uume. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitalini siku hiyo hiyo.

Kondomu ya kawaida si badala salama

Pale ambapo mipira iliyotengenezwa rasmi haipatikani, katika nchi nyingi zenye kipato cha chini watu hutoboa kondomu ya kawaida, wakaiunganisha na mrija na kuifunga kwa plasta au uzi. Kondomu si adimu katika kaunti za ufuoni, ambako kampeni dhidi ya Ukimwi zimedumu kwa miaka mingi.

Uzoefu huo una kasoro tatu. Kwa kawaida kondomu haina vipimo mbalimbali kama mipira hii. Imepakwa mafuta yanayoizuia kushika. Tena ni laini kiasi kwamba hujisokota kwenye ncha na kuuzuia mkojo.

Matokeo yake ni kwamba anayeifunga hukaza zaidi ili isichomoke. Majarida ya kitabibu yameripoti visa vya wagonjwa, hasa waliopooza wasiohisi maumivu, ambao uume wao ulioza baada ya kubanwa hivyo. Ndiyo maana plasta, uzi au mpira wa kufungia pesa havipaswi kamwe kuzungushwa kwenye uume.

Palipo na ulazima wa kutumia njia hiyo kwa saa chache, hilo hufanywa chini ya uangalizi wa muuguzi, na uume hukaguliwa mara kwa mara. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ni hatari zaidi, na haufai hata kwa saa moja.

Vifaa vya wanawake

Kwa miaka mingi wanawake hawakuwa na kifaa cha nje cha kuaminika, kwa kuwa maumbile yao hayana mahali pa kuuvisha mpira. Muuguzi alikuwa na nepi, beseni la kitandani au mpira wa ndani.

Kifaa kimojawapo kilichobuniwa ni kifuko chenye gundi kinachobandikwa kuzunguka tundu la mkojo, mithili ya kile kinachotumiwa na waliotobolewa tumbo ili kupitisha choo. Kinafanya kazi, ila gundi hung'oka kwa jasho na mwendo, na kukibandua kunaweza kuichubua ngozi.

Katikati ya miaka ya 2010 kiliingia sokoni kifaa cha aina nyingine, na kinachojulikana zaidi ni PureWick cha Marekani. Ni kipande laini kilichopinda, chenye kitambaa kinachonyonya, kinacholazwa kati ya midomo ya uke na makalio. Pampu yenye nguvu ndogo hufyonza mkojo mara tu unapotoka na kuupeleka kwenye chupa.

Kipande hicho hubadilishwa kila baada ya saa 8 hadi 12, au mara moja kikichafuka kwa choo kikubwa au damu. Hakiingizwi ndani ya uke. Humfaa mwanamke aliyelala au kuketi, si anayetembea.

Hakimfai mwanamke aliye katika hedhi nzito, anayeharisha bila kujizuia, mwenye vidonda sehemu hizo au anayehangaika na kung'oa vifaa. Wala si salama kukiunganisha kiholela na pampu yoyote ya hospitali, kwa maana mvuto mkali hujeruhi ngozi.

Tafiti kuhusu iwapo vifaa hivi vimepunguza maambukizi kwa wanawake hazijatoa jibu moja. Faida iliyo wazi ni kwamba hupunguza siku ambazo mwanamke hukaa na mpira wa ndani, na ngozi haishindi kwenye maji maji.

Kwa familia nyingi za ufuoni kikwazo ni gharama na umeme. Pampu huhitaji stima au betri, na vipande vya kubadilisha huhitajika kila siku. Visiwani, ambako nyumba nyingi hutegemea nishati ya jua, hesabu hiyo ni ngumu.

Mwanamke asiyekipata hajakosa msaada. Nepi zinazobadilishwa mapema, ratiba ya kupelekwa haja kila baada ya saa 2 au 3, ndoo au kiti chenye tundu kando ya kitanda na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ni njia zinazofanya kazi. Mafuta mazito kama vaselini hupakwa ili kuikinga ngozi.

Kuvuja si kutoka kwote

Kosa kubwa zaidi linaweza kufanywa hata kabla ya mpira kununuliwa.

Mzee akionekana kulowa kila mara, jamaa hudhani kwamba kibofu chake hakiwezi kuhifadhi mkojo. Huenda ukweli ni kinyume chake. Tezi dume ikivimba na kubana njia, mkojo hujaa kibofuni hadi ukaanza kudondoka kidogo kidogo, kama tangi lililofurika. Kinachodondoka ni ziada tu.

Mzee huyo akivishwa mpira wa nje, shuka hukauka na familia hufurahi. Lakini kibofu kingali kimejaa, na mkojo hurudi nyuma kuelekea kwenye figo.

Dalili za hali hii ni uvimbe au ugumu chini ya kitovu, mkojo mwembamba unaokatika, kujikamua, kuamka mara nyingi usiku na hisia kwamba kibofu hakijaisha. Hali kama hiyo huwapata pia wenye makovu katika njia ya mkojo, baadhi ya wanaougua kisukari na walioumia uti wa mgongo.

Uchunguzi wake si mgumu. Mgonjwa hukojoa, kisha kiasi kilichobaki kibofuni hupimwa kwa mashine ya picha ya ultrasaundi, au kwa kupitishiwa mrija mara moja. Kinachobaki kikiwa kingi, mpira wa nje haufai. Atahitaji mpira wa ndani, dawa, upasuaji au mrija unaopitishwa juu ya kinena.

Kwa walioumia uti wa mgongo, ipo njia ambayo Dkt Jack Lapides wa Michigan, Marekani, aliieleza mwaka wa 1972. Mgonjwa hujipitishia mrija safi mara kadhaa kwa siku, akautoa mkojo, kisha akauchomoa mrija. Huduma hii huwalinda wengi figo zao, na kijana mwenye mikono yenye nguvu anaweza kujifunza kuifanya nyumbani.

Mwanamke anayevuja baada ya kujifungua

Kwa wanawake pia kuna hali ambayo kifuko cha nje kinaweza kuificha, nayo ni fistula ya uzazi.

Uchungu wa kuzaa ukichukua muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana kibofu dhidi ya mifupa ya nyonga hadi sehemu hiyo ikafa na kutoboka. Siku chache baadaye mkojo huanza kutoka kupitia kwenye uke, mchana na usiku.

Mwanamke wa aina hii hahitaji kifaa cha kupokea mkojo maisha yake yote. Tundu likiwa dogo na jipya, mpira wa ndani unaoachwa kwa wiki kadhaa unaweza kulipa nafasi ya kujifunga lenyewe. Hapa mpira wa ndani ndio tiba, na wa nje hausaidii. Likiwa kubwa au la zamani, upasuaji huhitajika.

Upasuaji huo hufanywa na wataalamu katika hospitali kadhaa nchini, ikiwemo Gynocare mjini Eldoret. Umoja wa Mataifa ulitenga Mei 23 kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka wa 2013.

Joto na maji ya ziwa

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 kwa siku nyingi. Jasho hulegeza gundi na ngozi iliyofunikwa hulainika na kuchubuka upesi. Kwa hivyo, ukaguzi wa ngozi hauwezi kungoja hadi siku ya pili.

Baadhi ya familia huona ni bora mgonjwa avae mpira usiku tu, kisha mchana apelekwe haja kwa ratiba. Mpango huo huipumzisha ngozi na kupunguza gharama, na mwenye fahamu timamu huwa huru zaidi.

Maji ya kuoshea huchemshwa au kutiwa dawa kwanza. Maji yaliyotekwa moja kwa moja ziwani hayafai, kwa maana yana viini vinavyoweza kupenya kwenye ngozi iliyochubuka.

Mgonjwa hanyimwi maji ya kunywa ili mfuko usijae. Mkojo mzito huwasha ngozi, hunuka zaidi na huongeza hatari ya maambukizi.

Mipira iliyotumika haitupwi ziwani wala katika choo cha shimo. Hufungwa kwa karatasi na kuwekwa kwenye pipa lenye kifuniko, au kupelekwa katika kituo cha afya kilicho karibu.

Heshima ya mgonjwa

Huduma hii hugusa sehemu za siri, na ufuoni kama kwingineko yapo mambo ambayo mkaza mwana hawezi kumfanyia baba mkwe, wala mama mkwe hawezi kufanyiwa na mume wa bintiye, bila pande zote kuona haya.

Ni vyema familia ikakubaliana mapema nani atakayefunzwa, huku mgonjwa mwenyewe akiulizwa kwanza. Mara nyingi mume humhudumia mkewe na mke mumewe, au ndugu wa jinsia moja. Anayeweza kutumia mikono yake afunzwe kujivalisha.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa vya kazi nchini kote mwaka wa 2023, hutembelea nyumba vijijini na wanaweza kuelekeza familia kituoni. Waswahili husema mficha uchi hazai. Wengi hukaa na shida hii kwa miaka kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wakati wa kukimbilia hospitalini

Mgonjwa anayevaa mpira wa nje apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- Mfuko umekaa mkavu kwa saa 4 hadi 6 ilhali amekunywa maji, au tumbo limevimba chini ya kitovu.

- Uume umevimba, umebadilika rangi, una malengelenge au govi limekwama nyuma.

- Ana homa, anatetemeka, anaumwa na mgongo upande wa figo, au mzee ameanza kuchanganyikiwa ghafla.

- Mkojo una damu. Kichocho kilichoenea zaidi ufuoni mwa ziwa ni kile cha utumbo, hivyo haifai kudhani kwamba damu ya mkojo ni kichocho na kunywa dawa bila kupimwa. Inaweza kuwa dalili ya mawe, maambukizi au saratani.

- Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ameshikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni. Mrija uliopinda au kibofu kilichojaa huweza kupandisha shinikizo lake la damu hadi kiwango cha kuua. Mrija uchunguzwe papo hapo, naye akalishwe wima akisubiri usafiri.

Kabla ya mpira wa aina yoyote kuchaguliwa, familia ina haki ya kuuliza maswali matatu: Kwa nini mkojo unavuja? Je, kibofu huisha kabisa mgonjwa anapokojoa? Na kama mpira ni wa ndani, utaondolewa lini?

Ikiwa chanzo kimejulikana na kibofu huisha, mpira wa nje unaweza kumrudisha mgonjwa kanisani, msikitini, sokoni na barazani miongoni mwa wenzake. Ikiwa la, atibiwe kwanza.